Nafasi Tupu ya Binamu

Jumatatu, 3 Machi

Siku tano tu kabla ya mkutano wa familia. Ukatibu wangu wa miaka kumi na mmoja umo hatarini! Binamu, fundi saa, anautaka. Ametangaza hadharani kibandani kwake, huku jicho moja likiwa limebana ile lenzi yake. Silaha yake ni daftari la kurasa mia mbili lililofungwa kwa mpira wa manjano. Humo ameandika jina na simu ya kila ndugu. Kwa kalamu! Katika karne hii!

Mimi kwenye kompyuta yangu ninatumia mfumo wa Linux, si Windows ya kila mtu. Ninaitumia tangu nilipostaafu ualimu, wala sijamficha mtu jambo hilo. Mke wangu anasema hata aliyeleta mtungi wa gesi anajua.

Mpango: programu itakayotuma salamu za familia yenyewe, bila kuguswa na mtu. Kila Ijumaa saa nne asubuhi, ndugu mia moja arobaini na sita watapata ujumbe kwenye simu zao. Ijumaa hii ndiyo ya kwanza. Jumamosi watapiga kura salamu zangu zingali moto. Binamu kwisha!

Nimeanza kazi mara moja. Nimechagua picha ya kupamba kioo cha kompyuta. Maporomoko ya maji. Imechukua saa tatu.

Jumanne, 4 Machi

Nyumba mpya haijengwi juu ya msingi mbovu. Nimefuta toleo langu la Linux na kuweka jingine, lisilo na madoido. Kweli halikuwa na madoido. Halikuwa na sauti, halikuwa na mtandao, na printa halikuitambua. Nimelisifu mbele ya mke wangu kwa wepesi wake. Ameuliza kama wepesi ndio huko kutofanya lolote. Kama ndivyo, amesema, basi hata mume wake ni mwepesi.

Alasiri nimelirudisha lile la kwanza. Maporomoko yamepotea. Nimechagua milima.

Jumatano, 5 Machi

Swali zito: niandike kwa lugha gani ya programu? Bash tayari imo kwenye mashine, lakini mabano yake yananikumbusha insha za kidato cha kwanza. Python inadai mistari ipangwe kwa nafasi zilizo sawasawa, la sivyo inagoma. Lugha yenye adabu! Tumeelewana papo hapo.

Pa kuandikia nimechagua programu iitwayo Vim, kwa kuwa inasifiwa na watu makini. Nimeingia saa tatu asubuhi. Saa saba mke wangu ameniita chakulani. Nimemjibu kwamba siwezi kutoka. Ameuliza mlango umefungwa na nani.

Kitufe cha kutokea kwenye Vim sijakiona. Nimeng'oa waya wa kompyuta ukutani.

Mpwa wangu, mhandisi wa mitandao, amepiga simu. Mjomba, si utumie tu kundi la simu kama watu wengine? Kama watu wengine! Mtoto wa dada yangu mwenyewe!

Alhamisi, 6 Machi

Imekamilika! Mistari arobaini. Orodha ina safu tatu: jina, simu, hali. Mbele ya kila jina nimeandika “hai”. Ndugu akitutoka nitalibadilisha neno hilo tu, na Ijumaa familia nzima itapata tanzia badala ya salamu. Waliotangulia zamani sikuwaweka. Hawana simu.

Tanzia nimeitunga kwa moyo wote: “Nguzo yetu imeanguka. Alizaliwa kuongoza. Kumbukumbu yake ilikuwa ya chuma, kauli yake ya asali. Familia haitampata mwingine mfano wake, na pengo lake halizibiki.” Programu itaweka jina la mhusika juu yake. Nakiri kwamba nilipokuwa nikiandika nilijifikiria mwenyewe. Nililia kidogo.

Hali ya Binamu sikuijaza. Nimeiacha tupu. Akitaka salamu aje aombe kwa heshima.

Moyo wa programu ni mistari miwili mizuri: kama hali ni “hai”, tuma salamu, vinginevyo, tuma tanzia. Nimemsomea mpwa wangu kwenye simu. Ameuliza nafasi ikiwa tupu itakuwaje. Tena ameniomba niijaribu kwanza kwa majina mawili. Nimemkumbusha kwamba nimesahihisha mitihani miaka thelathini na miwili. Amesema haya, Mjomba, lakini asije mtu kusema sikusema.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne kamili. Simu ya zamani, niliyoiunganisha na kompyuta kwa waya, imeanza kunguruma mezani. Ujumbe baada ya ujumbe! Nimekunywa chai nikiitazama kama mkulima aonavyo mvua.

Saa nne na dakika sita Shangazi, mwenyekiti wetu, amepiga simu. Analia. Nimejua amefurahi. Nimemwambia asilie, huu ni mwanzo tu, na kila Ijumaa atapata nyingine. Amepiga ukelele na kukata simu.

Ndipo mke wangu akatoka jikoni na simu yake. Alinionyesha tu. Jina la Binamu. Nguzo yetu imeanguka.

Nimekimbia hadi kibandani. Watu wamejaa barabarani. Jirani muuza mitumba amekwisha leta viti. Wanawake wawili wanalia, mmoja wao akidai saa yake iliyokuwa kwa marehemu. Na Binamu yuko ndani, lenzi jichoni, anasoma tanzia yake kwa mara ya tatu. Aliponiona akanyanyuka kunipa mkono. Karibu msibani, binamu yangu, akasema. Mfiwa ni mimi, na marehemu ni mimi.

Nimerudi nyumbani mbio kurekebisha. Mbele ya jina lake nimeandika “hai kabisa”, asije mtu akabaki na shaka. Nimeiendesha programu upya.

Mashine inajua “hai” tu. “Hai kabisa” haikufundishwa.

Kwa hiyo Binamu amekufa tena saa sita mchana.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano. Binamu ameingia wa mwisho. Ukumbi mzima umesimama! Bibi mmoja amemfinya shavu kuhakikisha. Daftari liko kwapani, na mpira wake wa manjano.

Hakuhutubia. Alitoa simu na kusoma, polepole, kwa sauti ya msomaji wa taarifa. Alizaliwa kuongoza. Kumbukumbu ya chuma. Kauli ya asali. Kisha akaongeza kwamba hayo si maneno yake, ni ya katibu anayemaliza muda wake, aliyeyatuma kwa familia nzima mara mbili.

Nimesimama kupinga. Shangazi ameniuliza: wewe mzee mzima, uliyaandika au hukuyaandika? Ningesema ni mashine, wangeuliza basi mimi ni wa kazi gani. Nimesema niliyaandika. Nimepigiwa makofi kwa uungwana wangu.

Kura zote kwa Binamu, isipokuwa moja. Hiyo moja ni yangu. Njiani mke wangu amesema kura ni siri ya mtu. Tulipiga kwa kunyoosha mikono! Mkono wake niliuona, una bangili niliyomnunulia mimi.

Shangazi ametangaza kwamba Jumamosi ijayo atachaguliwa makamu mwenyekiti.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Mtu mzima hujisahihisha. Je, programu ilikosea? Hata kidogo. Ujumbe wote ulifika, tena mara mbili. Je, tanzia ilikuwa mbaya? Imemchagua mtu bila kampeni! Kosa ni moja tu: nafasi tupu ilikuwa mbele ya jina lisilostahili.

Nimeweka toleo jipya la Linux. Programu nimeanza kuiandika upya kwa Bash. Mabano yake si mabaya ukiyazoea. Milima nimeiondoa, nimeweka jangwa.

Mpwa wangu amepiga simu kunipa pole na kuniuliza kama sasa nitajaribu kwa majina mawili. Nimemwambia safari hii jina moja linatosha.

Kisha nimeifungua orodha, nikaenda kwenye mstari wangu, nikafuta neno “hai”. Ijumaa, saa nne asubuhi.

Mke wangu amenikuta nikihesabu viti. Ameuliza tunatarajia wageni gani. Nimemwambia asiwe na haraka, atapata ujumbe.