Msemaji Wetu Mbele ya Diwani Mrembo

Redio ya Aling Pacing, mama muuza kahawa, ilikuwa haijamaliza habari, Honi akabamiza kikombe cha kahawa mezani.

"Tumekwisha! Diwani bado anataka kituo chetu kihame. Kitoke mlangoni pa kanisa kiende nyuma ya kiwanda cha barafu! Kule nani atapanda traysikeli, samaki?"

Madereva wote wa pikipiki hizo za magurudumu matatu wakaguna kwenye benchi. Diwani mwenyewe ni Melizza Arandia, aliyevaa taji la urembo, akalia kwenye tamthilia za televisheni miaka kumi, kisha akaomba kura na mji ukampa bila kuuliza swali.

"Ndiyo faida ya kuchagua sura," akasema Teban, ambaye wenzake humwita Kamusi kwa sababu husoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya sabuni. "Mtu anajua kupunga mkono, basi, tunampa kiti!"

"Mimi sikumpa," akasema Honi.

"Wala mimi."

"Mimi siku ile nilikuwa naumwa."

"Kumbe alijipigia mwenyewe kura elfu kumi na nane," Aling Pacing akasema huku akimimina maji ya moto. "Na waliogombania kupiga naye picha hapa hapa, walikuwa pacha wenu?"

Teban akajaza mkate wa pandesal mdomoni asiulizwe. Picha yake na diwani kaificha ndani ya Biblia, kwenye Kitabu cha Hesabu, ambako mkewe hafiki.

"Haya, Msemaji." Honi akamgeukia Ariel, waliyekuwa wamemchagua awasemee jana kwenye kikao cha baraza. "Ulimwambiaje?"

Ariel akachezea funguo. "Nilimsalimu."

"Halafu?"

"Akauliza kwa siku tunabeba abiria wangapi."

"Ukasema?"

"Wengi."

"Mungu wangu!"

"Akauliza tunapinga kifungu kipi cha sheria yake ya kuhamisha kituo. Nikasema vyote. Jamani, yule mama kaisoma! Karatasi yake ina mistari ya rangi kila mahali. Nilijua atatabasamu tu, kumbe anauliza!"

"Na wewe ukafanyaje?"

"Mimi ndiye niliyetabasamu."

Benchi zima likashika vichwa. Teban uvumilivu ukamwishia.

"Kifungu cha saba! Tangazo lazima libandikwe kituoni siku kumi na tano kabla ya kikao. Lilibandikwa lini? Na abiria ni mia sita na ishirini kwa siku, nimewahesabu mwenyewe. Ungesema hayo mawili tu, hoja yake ilikuwa imekufa!"

"Bado hajafunga mjadala," Ariel akasema kwa sauti ya chini. "Jumatatu ndiyo kikao cha mwisho. Kaniita kaka: 'Kuya, safari hii nileteeni mtu aliyeisoma.'"

Macho yote yakahamia kwa Teban. Huko nyuma ya kiwanda cha barafu asingeweza kumlipia binti yake chuo hata mwezi mmoja, na maneno ya kuwaokoa wote alikuwa nayo kichwani, kifungu kwa kifungu.

"Kamusi anayajua yote," Honi akasema taratibu. "Hilo halina ubishi."

"Halina."

"Ila..." Honi akamtazama kuanzia pengo la meno, akashuka mpaka tumboni. "Kikao kitaonyeshwa mubashara mtandaoni, jamani. Mji mzima utaangalia."

"Eti. Na lile shati lake."

"Hivi huyu Ariel mlimchagulia nini?" Aling Pacing akadakia.

Mmoja akakohoa. "Anapendeza akisimama."

"Na mimi nawauzia kahawa watu kama nyinyi kila siku!"

Hawakumsikiliza. Honi akaitisha kura pale pale: anayemtaka Ariel anyooshe mkono. Mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine. Teban akajiona kwenye kioo cha traysikeli iliyoegeshwa mbele yake. Akajitazama vizuri, upande huu na upande ule. Iliuma, lakini naye akanyoosha.

"Nitakuandikia kila kitu," akamwambia Ariel. "Usome tu, usiongeze neno."

"Sawa, Kuya. Ila andika kwa herufi kubwa kubwa," Ariel akajibu huku akichana nywele. "Nikivaa miwani sipendezi."