Mholanzi na Mgongo Wangu

Jumatano, 3 Julai 1974
Mungu hajanisahau. Jumapili tunachagua mzee wa kanisa. Tuko wawili: mimi, Kivuva, na jirani yangu Mutiso, mtu wa kucheka na kila mtu. Nilikuwa naona giza. Leo mtoni nani akatokea? Mzungu! Mholanzi, jina Pieter, anazunguka dunia kwa baiskeli. Mchanga wa mto ulikuwa umemshinda. Mutiso naye alikuwa anateremka kutoka ng'ambo, mkono tayari wa salamu. Sikungoja. Nilijitwika baiskeli mabegani na mizigo yake yote, sufuria zikigongana, nikapanda kilima hadi kwangu bila kupumzika. Mholanzi alinifuata akihema. Amekubali kukaa hadi Jumapili na kutoa shukrani kanisani. Kiswahili anacho, alikiokota Tanga. Basi Mutiso ashindane na dunia nzima!

Alhamisi, 4 Julai
Mgeni nilimwekea mkate na siagi ya kopo, vitu vya kwao. Muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe, nilimwambia Mbinya mke wangu aufiche, tusiaibike. Mgeni akafuata harufu hadi jikoni, akamaliza sahani mbili na kuuliza kama kuna ukoko. Mbinya amefurahi. Mkate nimeula mimi.

Ijumaa, 5 Julai
Siku ya mwethya, kazi yetu ya pamoja. Kijiji kizima kinachimba matuta ya fanya juu kwa mjane Kavata, udongo usichukuliwe na mvua. Mimi siendi. Mgongo. Unaniuma kila Ijumaa tangu mwaka jana, na Kaluki, mama anayeongoza mwethya, huuliza kama mgongo wangu una kalenda. Yeye si daktari.

Sasa Mholanzi kaamka na methali! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akaomba jembe. Nilimwambia limepotea. Nilikuwa nimelilalia. Aliponiona chali nikiugua akajilaumu sana, eti ni baiskeli yake iliyoniumiza. Sikumsahihisha. Huruma ni kitu kizuri siku mbili kabla ya kura.

Alikwenda mwethya, akachimba kwa jembe la Mutiso. Jioni karudi na malengelenge na wimbo wa Kikamba. Nikamuuliza kama alinitaja huko. Akasema hapana, sifa zangu anaziweka za Jumapili. Nililala vizuri.

Jumapili, 7 Julai
Aibu. Aibu tupu.

Mholanzi alisimama mbele, Mchungaji Muthama akitafsiri kwa Kikamba. Akasema amepita nchi nyingi, lakini hajaona mwenyeji kama mimi. Nikarekebisha tai. Akasema mgongo wangu, uliokuwa mzima kabisa Jumatano, niliutoa kwa ajili yake.

Kaluki akasimama. Akauliza kama nilibeba baiskeli yote. Mholanzi akasema yote, na mizigo. Kaluki akauliza kama ni kile kilima cha mtoni. Mholanzi akasema hicho hicho, tena bila kupumzika, na machozi yakamlengalenga. Mjane Kavata ndiye aliyeanza kucheka. Nilitamani kuingia chini ya benchi.

Mutiso ni mzee wa kanisa. Kwangu ulipanda mkono mmoja, wa Mholanzi, na mchungaji akasema wageni hawahesabiwi. Nilimuuliza Mbinya mkono wake ulikuwa wapi. Anasema alikuwa ameshika Biblia kwa mikono yote miwili.

Jumatatu, 8 Julai
Mgeni kaondoka. Alinikumbatia polepole, asiniumize. Kaluki ameleta ujumbe kwamba Ijumaa nimepangiwa sehemu yenye mawe.

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Kosa ni mgongo. Mwenye mgongo mbaya hawezi kubeba kitu, hilo hata mtoto angeligundua. Kwa hiyo mgongo umepona, Bwana asifiwe. Sasa ni goti. Limeanza leo asubuhi, hata kusimama ni taabu. Mbinya nimeshamwambia. Hakuinua macho kutoka kwenye mboga.

Mwezi ujao kanisa linachagua mweka hazina. Na fundi wa cherehani amepita hapa akasema Mzungu mwingine yuko sokoni Kathonzweni, anazunguka dunia kwa miguu, na Mutiso ameshaoga anakwenda kumlaki. Naishia hapa. Nikikimbia kwa njia ya mkato, nitamwahi.