Kuaga Mwili wa Laptop

Injinia Hilari, fundi kompyuta wa Makanyagio, Mpanda, alikuwa na imani moja: mteja humsomi kwa viatu, unamsoma kwa jinsi anavyokibeba kitu kilichoharibika. Anayekining'iniza kama kuku wa kuchinjwa, mwache apite. Anayekipakata kama mtoto mwenye homa, huyo umeletewa na Mungu.

Kwa hiyo asubuhi ile alipomwona mama mmoja akishuka kwenye bodaboda, fimbo ya ng'ombe mkononi na laptop mgongoni, imefungwa kwa kitenge kama kichanga kabisa, Hilari alivaa miwani yake haraka. Miwani ile haikuwa ya daktari. Macho ya Hilari yalikuwa mazima, angeweza kukaa Makanyagio akakuonyesha kupe kwenye sikio la nyati aliyeko Sitalike. Lakini fundi bila miwani ni kama padri bila kanzu: sala inafika mbinguni, ila sadaka haitoki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi?"

"Mafundi wakikwama wananiita mimi. Karibu kiti. Mgonjwa ana nini?"

"Haichaji."

"Isikusumbue, mama. Hata mimi mwenyewe sichaji sana!"

Kwenye kibanda cha jirani, Mzee Telesfori, fundi viatu, alicheka kwa pua kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa misumari. Utani huo alikuwa anausikia kila siku ya kazi.

Mama akafungua kitenge. "Mimi naitwa mama Ng'washi, tunakaa Kabungu na ng'ombe wetu. Huyu binti yangu Ng'washi yuko chuo. Ripoti yake ya mwisho imo humo ndani, yote. Jumatatu asipoipeleka, mwaka umekwenda na maji. Tangu jana imekuwa giza tu, na mtoto analia hali chakula. Chaja yake hii hapa."

Hilari akaishika ile chaja, na moyo wake ukapiga vigelegele. Waya ulikuwa na alama za meno. Ndama fulani wa Kabungu alikuwa ameuonja, akauona si majani, akauacha. Ugonjwa wote ulikuwa pale. Lakini fundi hapewi heshima kwa kusema "nunua waya", na isitoshe kuna kijana mmoja wa Sitalike, Shadrack, anayetembeza wageni hifadhini, ambaye alikuwa anamwomba Hilari amtafutie laptop nzuri, naye asingeuliza ilikotoka.

Akachukua chaja yake mwenyewe, mpya, nene, akaichomeka ubavuni mwa laptop. Kitaa kidogo cha njano kikawaka papo hapo. Miwani ya Hilari ikametameta. Kabla hujasema amina, kidole gumba chake kilikuwa kimeshakilalia kile kitaa.

"Mama," akasema kwa sauti ya daktari wa zamu, "wewe Msukuma, sivyo?"

Mama akamtazama kidogo. "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mimi Mfipa. Mfipa wa Sumbawanga, baba na mama. Mimi ni mtani wako! Mtani hawezi kukudanganya kwenye jambo zito."

Mzee Telesfori nusura ameze msumari. Alimjua Hilari tangu anaiba embe za misheni: Mbende mtupu wa hapa hapa. Ila kwa mteja Mnyamwezi alikuwa Muha, kwa Muha alikuwa Mnyamwezi, na siku moja, utani na mteja ulipodai hivyo, alishinda Mrundi hadi jioni. Kama Mfipa na Msukuma ni watani kwelikweli au utani wao ulianzia kwenye basi, hayo waulizeni wenye elimu. Huku Mpanda, mtu akikuita mtani, wewe itika.

"Sema, mtani," mama akasema taratibu.

"Imekufa. Moyo umeungua, na ripoti imeondoka nayo. Pole sana." Akainamisha kichwa. "Sasa mila unaijua. Kwenye msiba anayezika ni mtani. Wewe niachie mimi maiti, nenda kamfariji mtoto."

Mama Ng'washi akaweka fimbo chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe ambalo nasikia hata viboko wa Katavi walitoa vichwa majini kuuliza nani tena.

"Uuuwiii! Jamani njooni! Mashine ya mwanangu imefariki!"

Bodaboda wakaacha pikipiki zao. Mama wa maandazi akaja na koleo mkononi. Watu wa Makanyagio wana kazi nyingi, lakini hawajawahi kuwa na kazi kubwa kuliko msiba wa bure.

"Ndugu zangu," mama akawaambia, "kijana huyu ni mtani wangu, Mfipa, amesema mwenyewe. Amejitolea kuzika. Mungu ambariki. Lakini tangu lini marehemu akazikwa bila kuagwa? Pangeni mstari, tuage mwili."

"Kweli kabisa," akasema Mzee Telesfori, ambaye alikuwa ametema misumari yote ili asikose neno.

Hilari akaanza kuvuta waya. Mama akamdaka mkono. "Usichomoe dripu, mtani! Ndugu bado hawajaaga."

Wakapita mmoja mmoja, wengine wamevua kofia. Bodaboda mmoja akafanya na ishara ya msalaba. Mama wa maandazi akainama, akakunja uso. "We fundi, mbona umemkandamiza marehemu usoni? Toa kidole tumwone."

"Ni... ni heshima."

"Heshima gani ya kidole? Toa!"

Akapiga kile kidole kwa koleo, si kwa nguvu, kwa upendo tu. Kidole kikaruka. Kitaa cha njano kikawatazama waombolezaji wote bila haya. Mama Ng'washi akabonyeza pa kuwashia, kioo kikaangaza, na ripoti ya Ng'washi ikatokea nzima na jina lake juu.

"Amefufuka!" bodaboda wakapiga kelele.

Sifa moja siwezi kumnyima Hilari: ulimi wake haujawahi kuishiwa chaji. "Mtani!" akacheka, jasho likimtiririka. "Nilikuwa nakutania! Si tunataniana?"

"Ndiyo, tunataniana," mama akasema, naye akicheka. Akaikunja laptop, akaichomoa ile chaja mpya ukutani, akaviringisha vyote kwenye kitenge, akabeba mgongoni. "Na mimi nakutania."

"Mama, hiyo chaja..."

"Umekasirika? Jamani, mtani amekasirika!"

"Mtani hakasiriki!" umati ukaitikia kama kwaya.

"Sijakasirika," Hilari akasema, na sijawahi kusikia mtu akisema neno hilo kwa maumivu kiasi kile.

"Halafu, baba," mama akamnong'oneza, "siku nyingine vua miwani. Kitaa nilikiona humo kabla ya kidole."

Akipita kwa Mzee Telesfori, wakasalimiana kwa lugha ambayo Hilari hakuambulia hata neno. Wakacheka mpaka mzee akashika mbavu. Bodaboda ikaondoka na mama.

"Mlikuwa mnaongea nini?" Hilari akauliza.

"Kifipa. Mbona hukuelewa, na wewe wa Sumbawanga?"

"Kwani yule si Msukuma?"

"Nani alikuambia? Msukuma ni mume wake. Yeye mzaliwa wa Namanyere, Mfipa kuliko mimi."

Hilari akaruka kwenye kiti. "Basi si mtani wangu! Chaja yangu irudi!"

"Ni kweli, si mtani wako," Mzee Telesfori akasema, akirudisha misumari mdomoni mmoja mmoja. "Umetangaza mwenyewe mbele ya kijiwe kizima kwamba wewe Mfipa. Kwa hiyo yule ni dada yako. Ng'washi ni mpwa wako. Mjomba kumpa mpwa wake chaja, hiyo nayo ni habari?"

Jumatatu jioni simu ya Hilari ikaita. Namba ilikuwa ngeni, ila namba yake yeye imeandikwa kwa rangi nyekundu ubaoni, kila mtu anaiona.

"Shikamoo, mjomba," sauti ya binti ikasema. "Ripoti imepokelewa. Mama anakusalimia sana. Anauliza, na mausi ya laptop je, huna?"