Ukuta wa Timazi

Binti wa Timazi hakuwa na viatu vya kiwanjani. Alicheza na vile vya shule. Hakuwa na raketi. Aliazima ya klabu, ile iliyozungushiwa utepe mpinini kama kidole chenye jeraha. Hakuwa na kocha, hakuwa na mwenzake wa kucheza naye, wala hakuwa na mtu hata mmoja mtaani kwetu, ukiniondoa mimi, aliyejua kuwa skwoshi ni mchezo. Mama Vikombe, anayetuuzia chai, alidhani ni dawa ya kikohozi.

Basi jana binti huyo akatwaa kombe la vijana, na asubuhi redio ikamtangaza. Sisi wa benchi la nje ya kibanda cha kinyozi tukaupokea ushindi ule kana kwamba tulikimbia naye.

"Ni kipaji," alianza Mwalimu Filimbi, aliyefundisha michezo hadi akastaafu, na filimbi mpaka leo iko shingoni. "Mtu huzaliwa nacho. Mimi nilikiona mapema."

"Ulikiona wapi?" akamkatiza Redio, kinyozi wetu, aliyekuwa amemwacha mteja na nusu ya kichwa. "Si wewe uliyemtoa timu ya netiboli ukasema hana macho?"

"Nilisema hana macho ya netiboli. Macho ya skwoshi sikuulizwa."

"Kipaji kitu gani!" akasema Mama Vikombe. "Ni sukari. Kila akipita hapa namzidishia kijiko."

"Sukari yako hata Mwalimu anakunywa, mama, na akipanda ngazi anahema kama pampu ya baiskeli," Redio akamjibu.

Nikaona niwatoe gizani, maana mchezo huu nilikwisha kuusoma maktaba. Nikawaeleza kuwa wachezaji wawili hujifungia chumba kimoja, wote wakaelekea ukutani. Huyu anaupiga mpira ukutani, ukirudi yule naye anaupiga, kabla haujadunda mara mbili.

"Kumbe ni ndoa," akasema Mama Vikombe. "Chumba kimoja, na kila mtu anagombana na ukuta."

Hatujamaliza kucheka, Timazi akatokea. Ni fundi mwashi, na jina hilo alilipata kwa ile kamba yenye kitu kizito nchani, ya kupimia wima wa ukuta, ambayo haitoki mfukoni mwake hata akienda msibani. Mkononi alishika bahasha na karatasi, na uso ameukunja.

"Hongera, baba bingwa!" tukamshangilia.

"Hongera ya nini? Nimevuliwa nguo hewani. Hamkusikia?"

Redio alikuwa amesikia, tena kwa furaha. Akabana pua, akamwigiza binti alivyohojiwa: "'Namshukuru baba kwa ukuta wa nyuma ya nyumba yetu. Umepinda. Mpira ukiupiga hujui utarudi upande gani. Ndiyo maana nikiingia kiwanjani, kwenye kuta zilizonyooka, naona mpira unakuja kama umetumwa kwangu.'"

"Umepinda!" Timazi alipiga paja. "Ukuta wangu mimi! Mteja wa uzio amenipigia simu sijanawa hata uso. Ananiuliza, 'Fundi, wa kwangu utaelekea wapi?'"

Mama Vikombe aliinamia birika asionekane anacheka.

"Sasa klabu wanamtaka kambini," Timazi akaendelea. "Basi lao linaondoka adhuhuri, na wanataka barua ya mzazi. Haendi! Arudi kwanza redioni aseme ukuta umenyooka. Kamusi, niandikie hapa: mzazi hakubali."

Kamusi ni mimi. Jina walinipa nilipomaliza shule ya usiku nikiwa na mvi, kwa kuwa siachi neno bovu lipite. Nikafungua kalamu, lakini sikuandika.

"Mpiga ukuta huumiza mkonowe, ndugu yangu," nikamwambia. "Utamnyima mtoto safari kwa sababu ya matofali?"

"Si matofali, ni jina langu!"

"Ubishi wa nini?" akasema Redio. "Nyumba yako si hiyo hapo nyuma? Twende tukapime."

Tukaenda wote, mpaka yule mteja wa nusu kichwa na taulo lake shingoni. Binti tulimkuta uani, begi la safari limefungwa liko mlangoni, naye anaupiga mpira polepole kwenye ukuta uliojaa madoa meusi. Akatuamkia, akamtazama baba yake.

Timazi akapanda kigoda, akaiteremsha kamba. Juu iliugusa ukuta. Chini, paka angepita katikati bila kujikunja.

Tukasubiri.

"Kamba imepinda," akasema Timazi.

"Ni upepo," Redio akamsaidia.

Mwalimu Filimbi, ili atende haki, akaomba raketi aujaribu mwenyewe. Akaupiga mpira kwa mikogo yote ya ualimu, akajipanga kuupokea kulia. Mpira ukamjia kushoto, ukamgonga sikio.

"Hana macho," akasema Mama Vikombe.

Wakati tunajishika mbavu, binti akamsogelea baba yake.

"Baba, mimi sikusema umejenga vibaya. Nilisema asante."

"Asante gani ya kuniharibia kazi?"

"Sasa nikisema umenyooka, nitakuwa nimefundishwa na nani? Klabu walinipa raketi tu. Kocha sikuwa naye. Nikiuondoa huo ukuta, wewe nakuweka wapi?"

Timazi aliizungusha kamba kidoleni taratibu, akaifungua, akaizungusha tena.

"Chagua, fundi," Redio akamnong'oneza. "Ukuta ulionyooka, au bingwa uliyemfunza mwenyewe. Vyote viwili huvipati."

Timazi akashuka kigodani, akajikung'uta vumbi, akakohoa kama mtu anayepanda jukwaani.

"Nani amesema umepinda kwa bahati mbaya? Kamusi, andika. Mimi mzazi wake namruhusu aende. Ukuta uliotajwa redioni niliubinua kwa makusudi, kwa ajili ya mafunzo. Samaki mkunje angali mbichi."

"Lakini uliujenga kabla mtoto hajazaliwa!" akapiga kelele Mwalimu, mkono sikioni.

"Hayo ndiyo huitwa maono. Kamusi, ongeza: klabu ikihitaji ukuta wa aina hiyo, fundi yupo. Ila kazi hiyo ni ya kitaalamu, hupimwi kwa timazi."

Nikamsahihisha: "Haipimwi." Neno "makusudi" nililiacha, tena nikaliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote.

Akatia sahihi. Akailamba gundi ya bahasha, akaiegemeza ukutani na kuikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika sawasawa, kisha akamkabidhi binti yake.

"Kimbia, wasikuache. Na wakikuuliza tena redioni?"

"Nitasema baba ni mtaalamu."

"Wa makusudi."

"Wa makusudi, baba," akajibu, akatupa begi begani, akatoka mbio na bahasha mkononi.