Milima Aliyorudi Nayo Mama Yako

Duka la Vifaa vya Ujenzi la Motari,
Soko la Rangwe,
Kaunti ya Homa Bay.

Kwa Mwalimu Gesare Motari,
Bonde la Kullu, Himalaya, India.

Binti yangu mheshimiwa,

KUH: MATEMBEZI YA SIKU MOJA NA MADHARA YAKE KWA NYUMBA YANGU

Natumaini wewe na wanafunzi wako mko salama. Huku sisi tu wazima, isipokuwa kwa hayo nitakayoeleza. Nakuandikia kwa Kiswahili cha ofisi makusudi, maana ningeandika kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, ningekuonea huruma kabla ya kufika aya ya pili.

Mwezi wa tano ulimwalika mama yako akutembelee kwa wiki nne. Nilikubali. Bathsheba ameuza vitambaa hapa sokoni miaka thelathini bila kwenda mbali zaidi ya Kisumu, kwa hiyo alistahili kupumzika. Nilidhani ungemkalisha kwenye kiti na kumpikia. Badala yake, kila asubuhi ulimpakia kwenye gari ukampeleka kuona kitu: leo maporomoko ya maji, kesho hekalu la mbao katikati ya misonobari, keshokutwa theluji, halafu jioni mnarudi kulala kana kwamba hamjafanya jambo lolote la ajabu. Nilikukabidhi mke mtulivu. Niliyempokea uwanja wa ndege ni mtu mwingine, na ninalalamika kama ifuatavyo.

1. Anasimama ovyo. Kutoka kanisani hadi kwetu ni mwendo wa dakika kumi. Sasa ni arobaini. Sabato moja alisimama katikati ya njia akaniuliza ule mlima wa bluu upande wa ziwa unaitwaje. Nimeishi hapa tangu mwaka wa themanini na tisa. Nilimjibu kwamba unaitwa mlima. Hakuridhika. Alimuuliza mzee wa kanisa, Mayaka, ambaye naye ni Mgusii aliyehamia hapa kama sisi, na Mayaka akalazimika kukiri mbele ya waumini kwamba hajui. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maji ndiye aliyetutajia jina, kwa sauti ambayo watu hutumia wakisema na watoto.

2. Picha yangu nikipokea cheti cha ushemasi imehamishiwa kwenye korido. Mahali pake sebuleni sasa yupo mama yako ameshika theluji kwa mikono miwili. Wageni wote huuliza habari za theluji. Tangu mwezi wa sita hakuna aliyeuliza habari za ushemasi.

3. Ameanzisha kikundi. Kila Jumapili yeye, Pauline fundi cherehani, Filister anayeuza dagaa wa omena, na wengine ambao zamani walikuwa wateja wangu, huondoka asubuhi kwenda kutazama mahali na kurudi jioni. Wamekwenda kwenye chemchemi za maji moto wakachemshia mayai humo. Wamekwenda hadi Macalder kuwatazama watu wakichuja dhahabu, wakarudi na matope tu na furaha isiyoelezeka. Filister aliwahi kuingia dukani, nikaanza kupima misumari kama kawaida yake, akanizuia. Alisema, "Mzee, leo sitaki misumari. Niulizie mama kama nafasi ya Jumapili bado iko." Na Ryoba, yule dereva Mkuria aliyenibebea simiti kwa miaka kumi na moja, sasa anasema simiti inachafua viti vya akina mama.

4. Hatimaye yamenifika mimi mwenyewe. Jumapili iliyopita nilikwenda nao, nia yangu ikiwa kukusanya ushahidi wa barua hii. Ryoba alitupeleka upande wa Magunga, tukapanda kwa miguu hadi mahali pa juu panapotazama Bonde la Lambwe. Mama yako, ambaye magoti yake unayajua, alitangulia. Mimi nilipumzika mara tatu. Kwa watu wengine sema mbili. Wanawake walipokuwa wakitandika leso na kufungua chapati, mama yako alikuja akakaa kando yangu juu ya jiwe. Chini kabisa twiga walikuwa wanatembea, wadogo kama vijiti. Mvua ilikuwa inavuka bonde upande mmoja, upande wa pili jua linawaka. Nilikuwa karibu kumwambia kwamba mvua ya namna hiyo hutunyeshea hata Rangwe bila kupanda mahali popote.

Ndipo akasema, bila kunigeukia, "Siku ile niliona theluji mara ya kwanza, nilisema, 'Motari, ona.' Nilisema kwa sauti kabisa. Halafu nikakumbuka uko dukani."

Gesare, unanijua. Nimewajibu wakaguzi wa kaunti, nimemjibu hata mchungaji. Hapo nilisema tu, "Naona." Tulikaa hivyo mpaka mvua ikatufikia, na hatukuinuka haraka. Viatu vyangu vya kanisani vimeharibika, nawe ndiwe chanzo.

5. Miaka hii yote nilidhani mtu asiyeomba kupelekwa popote hana anapotaka kwenda. Hili nalo nalilalamikia, ingawa sijajua vizuri nimlalamikie nani.

Kwa sababu hizo, ninaomba jambo moja tu. Nimesikia kwenye simu mkipanga aje tena mwezi wa nne kutazama mitufaha ikichanua. Tafadhali ahirisha. Mwambie milima imefungwa kwa marekebisho. Zile wiki nne nilikula ugali nimesimama jikoni, kwa kuwa kukaa mezani peke yangu kulinishinda, na nilikuwa nafungua duka saa kumi na mbili ili nipate mtu wa kusalimiana naye. Sitaki kuyarudia hayo. Hii si kejeli.

Wasalimie wanafunzi, na yule mwenye nyumba wako aliyempa mama yako soksi za sufu, ambazo anazivaa hata kwenye joto hili. Shangazi yako Bitutu anakusalimu, naye ameshajiandikisha kwa safari ya Jumapili ijayo.

Ni mimi, ninayelalamika kwa heshima zote,
Baba yako,
Motari.

Tanbihi: Jumanne nilimwambia mama yako ninakwenda Kisii kufuata mabati. Nilikwenda ofisi ya pasipoti. Kwenye picha nimetoka kama mtu aliyekasirika, lakini karani amesema itafaa. Usimwambie chochote mpaka nipate namna ya kueleza mabati yako wapi. Na ukitukatia tiketi za mwezi wa nne, kiti cha dirishani kiwe changu. Mama yako ameshayaona mawingu.