Kilo Mbili za Kondoo wa Paani

Jumapili, 11 Juni

Kondoo anaharisha. Mwanangu Ilyas anaota jino. Sijui nianze kumsafisha nani.

Nilitaka tu kondoo wetu wa Idi ampite wa wifi Siham kwa unene. Wifi anaishi chini yetu, na wake kamfunga paa lilelile, kona ya pili. Kila jioni anapanda kumpapasa mgongo huku ananitazama mimi. Basi Ijumaa nikampa wetu kuskusi yote iliyobaki. Bakuli zima! Akala, akalamba, akaniangalia kama bwana harusi. Tangu hapo ni balaa.

Muuza vyuma chakavu kapita na mizani yake. Kilo arobaini! Mume wangu Abdelhak alimnunua akiwa na hamsini, akamtangazia mama yake, kisha huyooo, Agadir na lori.

Mama mkwe kapiga simu. Kilo sikuzitaja. Nimesema kapungua asilimia ishirini tu, maana asilimia haitishi kama kilo. Kasema mnyama mgonjwa hachinjwi Idi, na mimi nisiyeweza kumlisha kondoo nitamlishaje mjukuu wake? Kondoo asiporudi alivyokuwa, yeye anakuja na magodoro yake, anakaa mpaka zeituni zivunwe. Zeituni! Hiyo ni Novemba!

Nimeapa. Kashuka asilimia ishirini, atapanda asilimia ishirini.

Jumatano, 14 Juni

Maganda ya komamanga yaliyochemshwa, nusu chupa, kooni mwa kondoo. Nusu nyingine kwenye gauni langu. Nikimbeba Ilyas, kondoo analia. Nikimshika kondoo, Ilyas analia. Mimi zamu yangu haifiki.

Wifi kapanda, kauliza kwa upole wa kinafiki kama yule ni kondoo au zulia lililoanikwa. Nimemjibu wa kwake atapasuka kabla ya Idi. Nimeshuka ngazi nikiwa na nguvu mpya.

Jumatatu, 26 Juni

Shayiri, nyasi kavu, pumba. Kuskusi marufuku. Leo kampiga teke muuza vyuma. Mzima kabisa!

Mizani: arobaini na nane. Nimepiga hesabu kwenye simu. Kaongezeka asilimia ishirini kamili! Nimepiga kigelegele, Ilyas kaamka. Kashuka ishirini, kapanda ishirini, basi ni hamsini. Mizani ya chuma chakavu nayo ni chuma chakavu.

Nimempigia mama mkwe: karudi alivyokuwa.

Jumanne, 27 Juni

Mama mkwe kaja na mizani yake mwenyewe, ya ndoano, ya kupimia nafaka. Na magodoro pia. Hajaniamini hata neno moja.

Arobaini na nane.

Kauliza kilo mbili ziko wapi. Nimesema joto limekula manyoya. Kasema manyoya anayaona. Nimesema basi wifi kabadilisha kondoo. Wifi kacheka mpaka kashikilia kamba ya nguo. Kaleta sahani, kapanga zeituni nane. Kaondoa nusu, zikabaki nne. Kaniambia haya, mke wa kaka, sasa ongeza nusu ya hizo zilizobaki. Sita! Kasema ukishusha unapimia kilichokuwa kikubwa, ukipandisha unapimia kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Kondoo wangu alitakiwa apande ishirini na tano. Kisha kaniuliza kwa sauti, mama mkwe asikie: zeituni mbili zako ziko wapi?

Nimemwambia kazila yeye. Hizo ni hesabu za watu waliolala.

Mama mkwe kamfungua kondoo mdomo, kamtazama macho, kamkandamiza mgongo. Kasema kisu kitasema. Magodoro yako sebuleni. Nayapita kama mtu anayepita polisi.

Ijumaa, 30 Juni

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!

Jana tumechinja. Mama mkwe kalitoa ini, kaligeuza juani, kila upande. Safi, jekundu, halina doa. La kondoo wa wifi limezama kwenye mafuta. Nilisogea tu, mama mkwe aone vizuri.

Kasema kilo mbili ni mchuzi wa siku moja, lakini mnyama aliyeanguka akasimama ana mtu aliyemsimamisha. Anaondoka Jumapili. Na magodoro! Kisha kamchukua Ilyas mikononi mwangu, kaniambia mwanangu, nenda kalale. Nimelia hadi usingizini.

Jumatatu, 3 Julai

Jino la Ilyas limetoka! Dogo, jeupe, kama punje ya mchele. Kaniuma nalo. Nimembusu, kisha nimemkanya.

Zamani alikuwa analala masaa manane mfululizo. Jino likaukata usingizi nusu. Wifi kasema mwanawe jino lilipotoka, wiki ileile usingizi ulipanda kwa nusu. Kanikazia macho akisema hivyo. Nusu imeshuka, nusu inapanda: masaa manane! Hatimaye!

Kwa furaha nimemwahidi kuziosha ngozi za kondoo zote mbili, yake na yetu, kesho alfajiri, nikiwa nimelala vya kutosha. Kacheka mpaka kakaa kwenye ngazi. Sijui kilichomchekesha.

Jioni kaniachia sahani ya zeituni mlangoni. Nimezihesabu. Sita. Bahili yule!