Ukoo Mzima Ndani ya Disketi

Jumatatu, 12 Februari 1996

Siku njema! Daktari Muigai, anayetufundisha kupanga data, ametoa mradi. Kila mwanafunzi atafute watu halisi, awaingize kwenye kompyuta kwa utaratibu, kisha amwonyeshe Jumatatu ijayo. Nikianguka, narudia mwaka wa pili. Nikirudia mwaka wa pili, baba ameapa nitaenda kuchonga mawe kwenye timbo la Anko Karanja kule Kalimoni. Baba hutania mara moja kwa mwaka, na ya mwaka huu alishaitumia Januari.

Ruqayya wa Thika, ambaye hukaa kiti cha mbele na kujibu maswali kabla hayajaulizwa, atawapanga wanafunzi wa madrasa ya mtaani kwao. Watoto wenye kamasi! Mimi naleta ukoo mzima. Jumamosi mbari yetu inakutana Gatongora kumkumbuka Babu, na mwenyekiti ni Anko Karanja huyo huyo. Nimempigia simu nikamwahidi karatasi iliyochapwa na kompyuta, aisome mbele ya watu. Alinyamaza kwa heshima. Au simu ilikatika.

Jumanne, 13 Februari

Maabara ina kompyuta chache na wanafunzi kama siafu. Sheria ya Bi Benta, msimamizi: viatu vinavuliwa mlangoni, vumbi la Juja lisiue mashine. Akitaka kujua kama kuna nafasi, haingii ndani. Anatazama viatu tu. Akili yangu ikawaka!

Asubuhi nilibeba viatu vyote vya chumbani kwetu, vyangu na vya Zacharia tunayekaa naye, pamoja na gambuti zake za mvua. Nikavipanga mlangoni. Bi Benta akamfukuza kila aliyekuja: pamejaa, rudini mchana. Ndani nilikuwa peke yangu. Mfalme!

Kisha akaja Ruqayya. Amefunga Ramadhani, nikategemea njaa imempunguzia macho. Wapi! Alimwuliza Bi Benta ni mwanafunzi gani huyo anayekuja kusoma kompyuta na gambuti wakati wa kiangazi. Bi Benta akachungulia ndani. Viatu vyote vimefungiwa stoo hadi Ijumaa. Nimerudi bweni na soksi. Zacharia alitumia maneno ambayo sitayaandika hapa, na yeye ni mwimbaji wa kwaya.

Jumatano, 14 Februari

Ruqayya amenihurumia. Naichukia huruma yake. Ameitazama kazi yangu akasema kila mtu kwenye jedwali lazima awe na ufunguo, kitu kimoja ambacho hakuna mwingine anacho. Watoto wake wa madrasa kila mmoja ana namba. Mimi nimefanya jina kuwa ufunguo. Akauliza kama kwetu hakuna majina yanayofanana. Nikacheka. Kwetu kila mtu anajulikana!

Tena ninayo sababu ya heshima. Cucu Wamboi, mama yake baba, hataki watu wahesabiwe. Ukihesabu watoto wa mtu unawaitia mkosi. Ukimwuliza ana wajukuu wangapi, hujibu kwamba wanatosha. Sasa nimpe namba ya sikioni kama ng'ombe wa kuogeshwa dawa? Nilimweleza Ruqayya kwamba mimi nalinda mila. Akasema, "Haya Kagwe, linda."

Alhamisi, 15 Februari

Nimechapa mpaka vidole vimekufa ganzi. Nilianza na Babu, Kagwe Kang'ethe: alizaliwa 1908, alifariki 1989, mume wa Wamboi, watoto tele. Baadaye nikafika kwangu. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hiyo kwa desturi nina jina la Babu, neno kwa neno. Ndiyo maana Cucu huniita muthuri wakwa, yaani mume wangu, hata mbele ya wasichana.

Hapo programu ikauliza: mtu huyu yupo tayari, niziunganishe habari zake? Nikajibu ndiyo. Iliuliza hivyo tena na tena, ukoo mzima. Mashine zina maswali kama polisi wa barabarani! Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kazi imeisha mapema kuliko nilivyodhani. Hata ukoo umekuwa mdogo, mzuri, unaingia kwenye disketi moja.

Jumapili, 18 Februari

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana Gatongora palijaa watu. Anko Karanja alivaa koti, akaikunjua karatasi yangu, akasoma kwa sauti ya mhubiri. Kagwe Kang'ethe. Alizaliwa 1974. Alifariki 1989. Mume wa Wamboi, watoto tele, yuko mwaka wa pili chuo kikuu.

Nzi tu ndio walioendelea na shughuli zao. Kisha Cucu akasimama na mkongojo wake. "Huyu mzee nilishamzika," akasema. "Simziki tena. Mrudisheni shule."

Walicheka mpaka sufuria zikatikisika. Ningestahimili. Lakini Anko Karanja, ambaye hajui kuacha kusoma, akaendelea hadi kwa Waceke. Kumbe Waceke Karanja ni wawili: shangazi mmoja mjane, na binti mchanga wa Anko mwenyewe. Karatasi yangu ikasema mtoto wa miezi sita ni mjane. Mama yake akamkumbatia na kulia, kulia kweli, eti nimemtabiria mwanawe mabaya. Niliona aibu. Nilitamani ardhi inimeze. Baba hakunigombeza. Alimwuliza tu Anko Karanja kama ile nyundo ndogo bado ipo.

Jumatatu, 19 Februari

Daktari Muigai alicheka mpaka akavua miwani. Akasema nimetengeneza mtambo wa kuua jamaa na kufufua mababu. Ruqayya amepata alama za juu kabisa. Watoto wenye kamasi!

Ila nimepewa nafasi ya mwisho, kurekebisha hadi Ijumaa. Ikishindikana, timbo.

Alhamisi, 22 Februari

Idi imepita. Ruqayya ameniletea mahamri, na ushauri bila kuombwa: namba, Kagwe, namba tu. Hata Cucu, aliyefikishiwa hoja yangu ya ng'ombe, ametuma ujumbe kupitia kwa baba. Anasema apewe namba, kwa sababu ng'ombe wa kuogeshwa angalau hachanganywi na marehemu.

Njama! Wote wanataka nikubali kwamba Ruqayya alisema kweli. Kamwe! Nimefikiri mchana kutwa, na nimeupata ufunguo ulio bora kuliko namba. Tarehe ya kuzaliwa! Jina unaweza kurithi, lakini siku yako ni yako. Nashangaa hata Daktari hakuliona hili.

Wazee wenyewe hawakumbuki siku, kwa hiyo nimeomba vipande vyao vyote, vitambulisho walivyojaziwa na karani, ili nisikosee, na nimeanza na wao. Cucu: 1 Januari 1915. Dada yake Cucu: 1 Januari 1915. Mzee Kang'ethe wa Kiganjo: 1 Januari 1915. Ajabu! Kumbe wazee wetu wote walizaliwa siku ya Mwaka Mpya. Ukoo wenye baraka namna hii hauwezi kunipeleka timboni.

Programu imeuliza kama iwaunganishe. Nimejibu ndiyo.